Daraja la Mbao la Kupitisha Kamyo: Mwongozo kwa Mafundi na Kamati za Barabara, Katogota na Bonde la Ruzizi

Mwongozo huu umeandikwa kwa seremala, mwashi, msimamizi wa kazi na wajumbe wa kamati za matengenezo ya barabara (CLER) katika bonde la Ruzizi, hasa wa Katogota na jirani zao wa Kamanyola, Luvungi na Lubarika. Unahusu daraja la njia moja, lenye urefu wa mita 4 hadi 8, kwenye barabara za kutoa mazao shambani. Hauhusu Barabara ya Taifa namba 5 inayopita Katogota kutoka Bukavu kwenda Uvira. Madaraja ya barabara hiyo yako mikononi mwa Office des Routes, na kamati ya kijiji isiyaguse bila idhini yao. Kwa barabara za mashambani, huduma ya serikali inayoshughulika nazo ijulishwe kwa barua kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, na wakubwa wa kijiji na wa usheferi wapate nakala. Barua hiyo ndiyo inayomleta mhandisi wa kutia sahihi mchoro. Mchoro usio na sahihi yake haujengwi, hata fundi awe mzoefu namna gani. Vipimo vilivyomo humu ni vya kumwezesha fundi kuelewa mchoro na kuuliza maswali, havichukui nafasi ya mhandisi.

Daraja la mbao limepata jina baya kwetu kwa sababu tunalolijua zaidi ni lile la dharura: magogo mabichi yamelazwa toka ukingo hadi ukingo, ncha zimefukiwa udongoni, mbao zimepigiliwa misumari juu, na kamyo ya kwanza imepita jioni ile ile. Hilo huoza au huchukuliwa na mto kabla watu hawajamaliza kulisifu. Kosa si la mti. Huko Sneek, Uholanzi, tangu mwaka 2008 kuna daraja la mbao lenye urefu wa mita 32 linalovuka barabara kuu, limejengwa kubeba magari ya tani 60. Flisa, Norway, lipo la mwaka 2003 ambalo sehemu yake ndefu kuliko zote inaruka zaidi ya mita 70 bila nguzo. Na karibu nasi zaidi, katika miaka ya 1970, idara ya misitu ya Kenya ilibuni daraja la mbao la vipande: pande za pembetatu zenye urefu wa mita 3 zinaundwa karakanani, zinabebwa na watu hadi mtoni, kisha zinaunganishwa kwa pini. Mbao inabeba msukumo wa juu, chuma kinabeba mvuto wa chini. Shirika la UNIDO lilichukua mchoro huo na kuupeleka katika nchi nyingine.

Hata hivyo, tarehe 15 Agosti 2022, daraja la mbao la Tretten, Norway, lililokuwa na miaka 10 tu, lilianguka likiwa na kamyo na gari dogo juu yake. Madereva wote wawili waliokolewa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mbao ilipasuka na kuchomoka pale penye maungio, mahali bolti na bamba za chuma zinapokutana na mti, ilhali boriti zenyewe hazikuwa zimeoza. Fundi wa Katogota azingatie hilo. Daraja la mbao hufa kwa njia mbili, kwa maji na kwa maungio, na karibu kila agizo linalofuata linapigana na mojawapo.

MTO

Kazi ya kwanza si ya seremala. Inafanywa kwa miguu, kiangazi, kupanda na kushuka kandokando ya mto pamoja na wazee wa hapo. Waulizwe maji yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote wanaoukumbuka. Kisha alama zao zithibitishwe kwa macho: majani makavu yaliyonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye shina, mawe makubwa yaliyolala mbali na mkondo wa sasa. Alama ya juu kabisa ipigwe rangi kwenye mwamba au mti usiong'olewa na ipimwe. Kila kimo cha daraja kitahesabiwa kutoka hapo.

Mito ya upande wetu si kama Ruzizi. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu na ina maji mwaka mzima. Vijito vinavyoshuka kutoka milimani magharibi vinaweza kuvukwa kwa mguu mwezi wa saba na kuua mwezi wa nne. Milima iliyo nyuma ya Uvira inapita mita 3,000, na tambarare iko chini ya mita 1,000, umbali kati yao ukiwa kilomita chache. Mvua ikipiga juu, maji hufika chini kwa saa chache yakiwa na mawe na magogo. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ya mji wa Uvira ilifurika. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba yakaharibika. Mto ukifika penye tambarare unapoteza kasi na kutua mzigo wake wa mawe, kitanda chake kinapanda mwaka hadi mwaka, halafu siku moja unarukia pembeni. Ndiyo maana unaweza kukuta daraja zima, halina kasoro, limesimama pakavu huku mto ukipita mita hamsini kando.

Basi tafuta shingo, mahali mto unapotoka vilimani kabla haujatawanyika, kingo zikiwa za mwamba au udongo mgumu na mkondo ukiwa umenyooka. Kona isichaguliwe kamwe. Upande wa nje wa kona huchimbwa kila msimu, na egemeo, yaani ukuta unaobeba ncha ya daraja, likijengwa hapo litafuata. Barabara ikilazimika kuzunguka mita mia mbili kufikia shingo hiyo, izunguke. Wenye mashamba watalalamika mwaka wa kwanza. Lawama hiyo ni nyepesi kuliko ya kujenga mara mbili.

Nguzo ya katikati isiwekwe. Ni kishawishi kikubwa, kwa kuwa inapunguza urefu wa boriti kwa nusu, lakini gogo moja likinasa hapo hukusanya mengine, mto unageuka bwawa, na uzito wa maji unasukuma daraja zima. Mto usiovukika kwa mita 8 haumo katika mwongozo huu. Huo unahitaji daraja la aina ile ya Kenya au la zege, na mhandisi wa kulisimamia mwanzo hadi mwisho.

Upande wa chini wa boriti ukae angalau mita 1 juu ya alama ya rangi, na mita 1.5 pale mto unapojulikana kushusha magogo. Kisha, upande mmoja wa barabara ya kuingilia uachwe chini kidogo kuliko sakafu ya daraja, kiasi cha sentimita 40 au 50, na ulazwe mawe. Gharika itakayoizidi alama ya wazee itapita juu ya barabara hapo, iharibu mita kumi za njia, na kuliacha daraja. Kurudishia njia ni salongo ya siku mbili.

Msingi wa egemeo uchimbwe hadi mwamba. Pasipo mwamba, ushuke angalau mita 1.5 chini ya sehemu ya chini kabisa ya kitanda cha mto. Isipimwe kutoka usawa wa ukingo. Madaraja mengi tunayosema yameangushwa na uzito yalichimbwa miguu kwanza. Mbele ya ukuta wa egemeo na kwenye mabawa yake ziwekwe gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Mawe ya gabioni yawe makubwa kuliko matundu ya waya, sentimita 15 hadi 30, yapangwe kwa mkono yakibanana. Gabioni iliyomwagiwa kokoto kwa sepetu hukonda msimu mmoja. Ukuta wa mawe uachiwe matundu ya kutoa maji, na nyuma yake kupangwe changarawe, la sivyo udongo ulioshiba maji utausukuma mtoni.

Tahadhari moja kwa wachimbaji. Bonde hili limepitiwa na vita zaidi ya mara moja. Kwenye shimo au kando ya mto, chuma chochote kisichojulikana kisiguswe, kisigongwe na kisitupwe mtoni. Kazi isimame, watu wasogee mbali, mahali pawekewe alama, na wakubwa waarifiwe ili wanaohusika na mabomu waitwe.

MTI

Mkaratusi ndio mti tutakaoutumia zaidi, kwa kuwa unapatikana kwa wingi huko juu, Kabare na Walungu, na unanyooka. Ni mgumu wa kutosha, ila una kasoro mbili: unapasuka unapokauka, na usipotiwa dawa unaoza na kuliwa na mchwa upesi. Mvule una kiini kinachodumu bila dawa, lakini umekuwa adimu na wa bei. Utumiwe pale tu unyevu hauepukiki, yaani kwenye kitako, ile boriti ya kulala juu ya egemeo inayopokea ncha za boriti kuu. Mti wowote ukatwe kwa kibali cha ofisi ya mazingira, na nakala ya kibali iwekwe kwenye daftari la kazi. Mbao zisizo na karatasi husimamishwa njiani, na kiangazi hakingojei.

Miti ikatwe mapema, ikiwezekana kiangazi cha mwaka uliotangulia. Siku ile ile imenywe magamba, ncha zipakwe rangi nzito au lami ili zisikauke kwa kasi kuliko tumbo, na zifungwe kwa waya au bamba la chuma la kuzuia ufa. Ipangwe juu ya vijiti, kivulini, hewa ipite chini na kati. Gogo la unene wa sentimita 40 halikauki kwa mwaka mmoja, na asikudanganye mtu. Linalotakiwa ni kwamba kupungua kwake kwa mwanzo kumalizike kabla ya bolti kukazwa.

Gogo linakataliwa likiwa na ufa unaopita upande mmoja hadi wa pili, likiwa na fundo kubwa kuliko robo ya kipenyo katika theluthi ya kati, likiwa na nyuzi zinazozunguka kama kamba iliyosokotwa, au likitoa sauti ya uvungu linapogongwa nyundo. Msimamizi awe na mamlaka ya kulikataa hata kama limeshabebwa na watu ishirini.

Dawa iliyo bora ni ile inayoingizwa kwa mashinikizo ndani ya tangi, kama zinavyofanyiwa nguzo za umeme za mkaratusi katika nchi jirani. Ieleweke kwamba dawa hiyo huingia kwenye sehemu nyeupe ya nje na haiingii kwenye kiini. Kwa hiyo mashimo yote, mikato yote na vipimo vyote vimalizwe kabla mti haujaenda kwenye tangi. Ukitoboa baadaye, umefungua mlango palipokuwa na ukuta. Pakilazimika kutobolewa, tundu lipakwe dawa ya brashi mara mbili.

Mafuta machafu ya gari, ambayo mafundi wengi huyapaka, yanafukuza maji juu juu kwa muda. Hayazuii kuoza kwa ndani, na mvua huyashusha mtoni wanakochota watu maji. Yasitumiwe.

Jambo lifuatalo lisomwe kwa sauti mbele ya vibarua wote. Mabaki ya mbao zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani mara nyingi yana aseniki. Yasichomwe jikoni, yasichome nyama, majivu yake yasimwagwe bustanini, na vumbi lake lisivutwe. Kila jioni mabaki yakusanywe, yahesabiwe, yafukiwe mbali na maji mahali palipoonyeshwa na msimamizi. Kuni ni taabu bondeni, na kipande kikavu kilichokatwa vizuri kitapelekwa nyumbani na mtu mwema kabisa asipoambiwa.

HESABU

Fundi aielewe hesabu ya boriti hata kama haifanyi yeye. Tuchukue daraja la mita 6 kati ya egemeo na egemeo, boriti tano za magogo, sentimita 80 kutoka kitovu hadi kitovu, na sakafu ya upana wa mita 4. Mzigo mbaya kabisa ni ekseli ya nyuma ya kamyo yenye magurudumu sita, tani 10, ikisimama katikati. Mstari mmoja wa magurudumu unabeba tani 5. Boriti iliyo chini yake haigawani mzigo huo sawasawa na jirani zake. Tuseme inabeba asilimia 60 ya mstari huo, yaani tani 3. Kuzidisha tani 3 kwa mita 6 na kugawa kwa 4 tunapata 4.5, na uzito wa daraja lenyewe unaongeza karibu 0.9. Jumla ni tani-mita 5.4. Tukiruhusu mkaratusi uliochaguliwa vizuri ubebe kilo 100 kwa sentimita ya mraba, boriti inahitaji kipimo cha 5,400.

Kipimo hicho kwa gogo la mviringo hupatikana kwa njia ya mkato: zidisha kipenyo kwa kipenyo kwa kipenyo, gawa kwa 10. Gogo la sentimita 40 linatoa 6,400, linafaa. Gogo la sentimita 30 linatoa 2,700, nusu ya kinachohitajika. Kwa jicho, magogo hayo mawili yanakaribiana, na muuzaji ataapa kwamba ni mamoja. Hayalingani hata kidogo. Kipenyo kipimwe kwa futi, katikati ya gogo, bila magamba, mbele ya mjumbe wa kamati, na kiandikwe.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini boriti iliyopasuliwa husimamishwa kwa ubavu. Boriti ya sentimita 20 kwa 40 ikisimama ina nguvu mara mbili ya ile ile ikilazwa, na inapinda robo tu ya vile ambavyo ingepinda. Na urefu ukiongezeka mara mbili, kupinda kwa mzigo ule ule kunaongezeka mara nane. Asiyeamini na aweke ubao juu ya mawe mawili akae katikati, halafu asogeze mawe.

Kamyo ya magurudumu kumi iliyojaa si mzigo wa mfano huu. Ikiwa wafanyabiashara wa mchele wanakusudia kuileta, waseme kabla ya mchoro, na hesabu ifanywe upya.

MAUNGIO

Misumari haiungi sehemu yoyote inayobeba uzito mkuu. Boriti, kitako, mihimili ya kukingama na nguzo za uzio ziungwe kwa bolti zilizopakwa zinki. Kwa bolti ya milimita 20, tundu litobolewe kwa keekee ya milimita 21, likinyooka, na bolti ipite bila kulazimishwa kwa nyundo. Bolti ikae angalau sentimita 14 kutoka mwisho wa mbao pale inapovutwa kuelekea mwisho huo, na sentimita 8 kutoka ukingo unaosukumwa. Hapa ndipo seremala wa vitanda na makabati hukosea, kwa kuwa jicho lake limezoea kubana kila kitu pembeni ili kipendeze. Bolti iliyo karibu na mwisho huchana mbao kwa kufuata nyuzi zake, na hakuna dalili ya mapema: leo iko, kesho kipande kimechomoka.

Chini ya kila kichwa na kila nati iwekwe washa ya mraba, sentimita 6 kila upande, unene wa milimita 6. Washa ndogo za dukani ni za kuunga chuma kwa chuma. Kwenye mti zinazama kama kidole katika ugali. Wachomeleaji wa Uvira wanaweza kuzikata kutoka bamba chakavu kwa bei isiyotisha. Nati zikazwe, kisha zikazwe tena baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu, na mwaka, maana mti utaendelea kupungua na bolti iliyokuwa imebana itacheza.

KUSIMAMISHA

Ujenzi wa mtoni ufanyike kati ya Juni na mwanzo wa Septemba. Kuta za maegemeo zitangulie, zipewe muda wa saruji kukomaa, ndipo boriti ziletwe.

Kitako cha mvule kilazwe juu ya ukuta na karatasi ya lami katikati yake, na kifungwe kwa bolti zilizozikwa kwenye saruji. Nyuma ya ncha za boriti pajengwe ukuta mdogo wa kuzuia udongo, na kati ya ukuta huo na ncha iachwe nafasi ya sentimita 5 hadi 10. Nafasi hii isifukiwe na mtu yeyote, wala isizibwe kwa zege kwa nia njema. Ncha ya boriti ndiyo inayokunywa maji kuliko sehemu nyingine zote, na mchwa hupandia hapo. Hewa ipite, na mkono wa mkaguzi uweze kuingia.

Magogo yavutwe kwa kamba juu ya miti miwili ya kuserereshea, yakisaidiwa na palani iliyotundikwa kwenye miguu mitatu upande wa pili. Mtu asisimame chini ya gogo wala ndani ya mzunguko wa kamba iliyovutwa. Amri itolewe na mmoja tu. Nyimbo za kuvutia zinakubalika na zinasaidia, ila anayeimba awe ndiye anayeamuru. Magogo yapangwe kwa kupishana, shina la hili upande huu, shina la lile upande wa pili, ili unene ulingane pande zote mbili. Pale yanapokaa kwenye kitako yachongwe kidogo yapate kiti bapa, na uso wa juu ulinganishwe kwa uzi.

Sakafu ina njia kadhaa. Ile ya kisasa zaidi ilianzia Ontario, Kanada, mwaka 1976: mbao husimamishwa kwa ubavu zikigusana, zikapitishwa fito za chuma na kubanwa kwa jeki hadi zikawa bamba moja linalogawana mzigo. Ni nzuri sana, ila fito hulegea na lazima zibanwe upya mara kadhaa wiki za mwanzo, na jeki yenyewe ipatikane tena miaka ya baadaye. Mbao za kugandishwa kwa gundi, zinazotumika Ulaya, zinadai kiwanda, mbao kavu za kipimo kimoja na hewa iliyodhibitiwa. Zisijaribiwe ukingoni mwa mto. Kwa Katogota napendekeza madriye za unene wa sentimita 10, zilazwe kukingama, zikiachana sentimita 1 ili maji na mchanga vipite, kila moja ikifungwa kwa bolti kwenye boriti mbili za pembeni na kwa misumari mirefu katikati. Juu yake, penye njia ya magurudumu tu, zilazwe mbao za unene wa sentimita 5 kufuata urefu wa daraja. Hizo ndizo zinazoliwa na matairi, na ndizo zitakazobadilishwa bila kugusa madriye.

Udongo usimwagwe juu ya sakafu ili kulainisha njia. Desturi hii iko kila mahali na inaua madaraja, kwa sababu udongo hukaa na unyevu wiki nzima baada ya mvua, na mti ukishapita unyevu wa asilimia 20 hivi, kuoza kunaanza. Mita 10 za mwisho za barabara kila upande zitandazwe mawe ili matairi yaache tope kabla ya kupanda.

Kingo za kuzuia magurudumu ziwe na kimo cha sentimita 20, zikiinuliwa juu ya vipande ili maji yatoke chini yake. Uzio wa pembeni uwe na kimo cha mita 1.1, na fito mbili za kati. Wanaovuka zaidi si madereva. Ni akina mama wenye mizigo ya mihogo kichwani, vijana wa baiskeli, watoto wa shule na ng'ombe. Upana ukiruhusu, upande mmoja utengwe sentimita 80 kwa waendao kwa miguu, nyuma ya ukingo.

KUJARIBU

Daraja lisifunguliwe kwa sherehe kabla ya kujaribiwa. Uzi ufungwe kutoka egemeo hadi egemeo chini ya boriti ya kati na chini ya boriti mojawapo ya pembeni, na futi isimamishwe katikati. Kamyo tupu ipite polepole, kisha yenye nusu ya mzigo, kisha yenye mzigo uliokusudiwa, isimame katikati dakika kumi. Dereva awe peke yake, bila watu juu ya magunia. Kwa mfano wetu wa mita 6, kupinda kwa milimita 10 au 12 ni kwa kawaida. Ikifika 20, kamyo irudi na mhandisi aitwe. Baada ya kamyo kutoka, boriti irudi ilipokuwa. Isiporudi, kuna kitu kimesagika kwenye kiti chake au kwenye maungio, na kitafutwe siku hiyo.

MATUNZO

Kamati iteue watu wawili wanaokaa karibu, iwape panga, nyundo, bisibisi ndefu, spana ya nati za daraja na daftari. Katika msimu wa mvua wapite baada ya kila mvua kubwa kuondoa magogo na majani yaliyonasa, na kutazama kama mto umeanza kula mbele ya gabioni. Mwanzo wa kiangazi wafanye ukaguzi kamili. Wagonge kila boriti kwa nyundo toka ncha hadi ncha wakisikiliza. Wachome bisibisi kwenye ncha, kwenye viti na chini ya kila bolti. Ikizama zaidi ya sentimita 1 bila nguvu, mahali hapo pana ugonjwa. Njia za udongo za mchwa zikwanguliwe na chanzo chake kitafutwe ardhini. Mbao inayopiga kelele gari likipita inasema kwamba imelegea, na ikazwe wiki hiyo, kwa kuwa kila gurudumu linaiinua na kuipigiza.

Fedha zitafutwe kabla ya kuhitajika. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, lakini kijito cha Katogota kiko mbali na meza zake. Wakati wa kujenga, kamati inunue na kuhifadhi madriye mbili, seti moja ya mbao za njia ya magurudumu, na kilo kadhaa za bolti na washa, ndani ya ghala lenye ufunguo kwa watu wawili. Akiba hiyo isikopeshwe kujenga kanisa wala shule, ombi liwe jema kiasi gani.

Kibao cha uzito kisimamishwe pande zote mbili, kwa tarakimu kubwa na picha ya kamyo, mita 50 kabla ya daraja, mahali dereva anaweza bado kugeuza. Iwekwe pia baryeri ya mvua, kizuizi cha kufunga njia, ifungwe mvua inaponyesha na ifunguliwe baada ya maji kushuka na wakaguzi kupita. Mwenye ufunguo wa baryeri ajulikane kwa jina kijijini, awe na msaidizi, na apewe karatasi yenye mhuri inayosema kwamba hakuna anayeweza kumwamuru afungue, awe mfanyabiashara, mwenye sare au mjumbe wa kamati yenyewe, mpaka daftari la siku hiyo liwe limetiwa sahihi.